Kwenu Wapi? Kariakoo na Kuzaliwa kwa Utanganyika

Ndugu Mhariri aliponiomba niandike makala ya historia kwa ajili ya jarida la mkutano wetu wa mwaka huu, alitaka niandike juu ya shule. Nimemwomba radhi. Juu ya shule wataandika wengine wenye kumbukumbu nzuri kuliko yangu, hasa wale waliokuwa viranja na ambao hawakupata kuonja fimbo. Mimi nitaandika juu ya mahali tulipokuwa tukitorokea, yaani Kariakoo, kwa sababu kwa maoni yangu pale ndipo watu wa nchi hii walipoanza kujifahamu kuwa ni watu wa nchi moja.

Wenzangu wa mkondo wetu watakumbuka siku ya kwanza ya kidato cha kwanza, mwalimu wa darasa alipokuwa akijaza daftari lake. Aliuliza jina, dini, kabila, na kwenu wapi. Zamu yangu ilipofika nikajibu, "Kariakoo, mtaa wa Nyamwezi." Mwalimu akasema, "Sikukuuliza unalala wapi. Nimekuuliza kwenu wapi." Darasa zima likaangua kicheko, nami nikaandikiwa Kigoma, mahali ambapo hata kwa gari moshi nilikuwa sijafika. Baadaye niligundua kwamba karibu nusu ya waliocheka walikuwa katika hali kama yangu. Swali lile lina historia yake, nayo ni ndefu kuliko ya shule yetu.

Yafaa tukumbuke kwamba Tanganyika ilikuwa nchi changa mno. Jina lenyewe lilitiwa rasmi mwaka 1920, baada ya Wajerumani kushindwa vita na nchi kukabidhiwa Waingereza waitawale kwa udhamini wa Chama cha Mataifa. Kabla ya hapo Tanganyika lilikuwa jina la ziwa. Hakuna mtu aliyeamka asubuhi ya siku ile akajiita Mtanganyika. Alikuwa Mhehe, Mhaya, Mzaramo, Msukuma, au alikuwa mtu wa pwani, na juu yake kulikuwa na dola ya Kiingereza iliyoenea sehemu kubwa ya dunia.

Katika nchi nyingine changa za dola hiyo hadithi ya utaifa husimuliwa kwa namna moja. Walowezi wanatoka Ulaya, wanasukuma makazi yao ndani ya bara, wanafyeka, wanajenga uzio, na huko mwisho wa makazi wanaanza kujiona si Waingereza tena bali ni Waaustralia, Wakanada au watu wa New Zealand. Mmarekani Frederick Jackson Turner alilifanya jambo hilo kuwa nadharia mwaka 1893, akidai kwamba tabia ya Wamarekani ilifinyangwa pale makazi yao yalipokutana na nchi waliyoiita tupu. Kwamba nchi hiyo haikuwa tupu hata kidogo, bali ilikuwa na wenyewe, hilo halikumsumbua sana.

Kwetu walowezi pia walijaribu. Mwaka 1925 walikutana Tukuyu, Lord Delamere wa Kenya akiwa kiongozi wao, wakiota nchi moja kubwa ya kizungu kutoka Kenya mpaka Rhodesia. Ndoto ile haikutimia. Kamati ya Bunge la Uingereza iliyokaa London mwaka 1931, ambayo ilimsikiliza pia Mwafrika wetu Martin Kayamba, haikukubali nchi hizi ziunganishwe. Walowezi wa Tanganyika walibaki wachache, wametawanyika huku na huko, nao hawakuanzisha taifa lolote. Ukitaka kuona mahali ambapo watu wageni wao kwa wao walikutana kwenye ardhi mpya wakatoka na jina jipya, usiende Arusha wala Iringa kwenye mashamba yao. Vuka Mnazi Mmoja kwa miguu, uende upande wa machweo.

Uwanja wa Mnazi Mmoja haukuachwa wazi kwa ajili ya michezo, ingawa sisi tuliuchezea. Wajerumani waliohamishia makao makuu yao Dar es Salaam mwaka 1891 waligawa mji kwa aina ya majengo, na Waingereza wakaukamilisha mgawanyo huo. Ufukweni na kaskazini yake ni Uzunguni, katikati ni Uhindini, halafu eneo tupu la kutenganisha, wakidai ni kwa ajili ya afya, na ng'ambo yake ni Waafrika. Ng'ambo hiyo palikuwa na shamba la minazi la Mjerumani aliyeitwa Schoeller, ambalo serikali yao ililinunua muda mfupi kabla ya vita ya 1914 ili wahamishiwe Waafrika. Wakaanza na jengo la soko. Vita ikazuka kabla soko halijafunguliwa, na Waingereza walipouteka mji mwezi Septemba 1916 wakaligeuza jengo lile na viwanja vyake kuwa kambi ya kikosi cha wapagazi, ambacho kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Watu wakalitamka jina hilo kama ulimi wao ulivyopenda, likawa Kariakoo.

Mara nyingi jambo hili hutajwa kama kichekesho cha lugha, kisha msemaji anaendelea na habari nyingine. Mimi naona tukae nalo kidogo. Wapagazi wale hawakuwa askari. Walikuwa watu waliokamatwa vijijini, wakafungwa mizigo kichwani, wakatembezwa mamia ya maili nyuma ya jeshi. Walikufa kwa maelfu na maelfu, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Mwaka 1927 serikali ilisimamisha Sanamu ya Askari katikati ya mji, bunduki mkononi, singe mbele. Wapagazi walitajwa katika maandishi ya chini kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, lakini sanamu ni ya askari. Mpagazi hakupewa sanamu. Alichopewa, na hata hicho hakupewa na mtu bali kilibaki kwenye midomo ya watu, ni jina la mtaa wa kuuzia mchicha na dagaa.

Na si soko tu. Wengi wetu tumenunua viatu Mtaa wa Narung'ombe, tumekunywa chai Tandamti, tumepita Mahiwa tukiwahi daladala. Hayo yote ni majina ya mahali kusini mwa nchi palipopiganwa vita vile mwaka 1917. Pembeni yake kuna Mtaa wa Nyamwezi, Mtaa wa Sukuma, Mtaa wa Kongo, Mtaa wa Swahili. Ukisoma vibao vya mitaa ya Kariakoo kwa utulivu unapata orodha ya vita na orodha ya waliobeba mizigo yake. Nilipita hapo miaka minne ya sekondari bila kujua.

Wakaaji wenyewe walikuwa nani? Wazaramo na Washomvi walikuwapo tangu mji ulipokuwa Mzizima, kabla Sultani Majid hajaanza kujenga majumba yake katika miaka ya 1860. Waliongezeka Wamanyema, ambao wengi wao asili yao ni watu walioletwa pwani kama watumwa. Wakaja Wanyamwezi, wapagazi tangu enzi za misafara. Wakawapo Wanubi na waliokuwa wakiitwa Wazulu, wana wa askari ambao Wissmann aliwaleta kutoka Misri na Msumbiji kuja kuvunja upinzani wa pwani. Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, njia ikawa wazi kwa kila mtu aliyekuwa na nauli au miguu. Sensa ya 1948 ilikuta mjini watu wapatao 69,000. Ile ya 1957 ikakuta zaidi ya 128,000.

Babu yangu mzaa baba alikuwa katika hesabu ile ya 1948. Alitoka Ujiji miaka miwili kabla, akapanga chumba, akafanya kazi bandarini, na baadaye akapata kiwanja cha kwake kwa kununua boma la mtu aliyeshindwa kulimaliza. Nyumba aliyojenga kila mtu wa mjini anaijua: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, nyuma ua wenye jiko, choo na kisima cha maneno. Miti na udongo, paa la madebe yaliyokunjuliwa, kwa sababu upande ule wa mji sheria haikutegemea nyumba za kudumu. Chumba kimoja alikaa mwenyewe, vitano alipangisha. Kwa kadiri baba anavyokumbuka, walipitia humo Mpogoro, Mluguru, Mngoni mmoja mkali sana, mama wa Kizaramo aliyekuwa akiuza vitumbua, na fundi cherehani wa Kingazija.

Sasa tafakari ua mmoja na kabila sita. Jiko ni moja, choo ni kimoja, na Mngoni hajui Kimanyema. Watagombana kwa lugha gani? Kiswahili hakikuenea Kariakoo kwa amri ya serikali. Kilienea kwa sababu ya zamu ya kufagia ua. Anayefariki ndugu zake wako Songea, nani atamwosha? Anayejifungua mama yake yuko Mahenge, nani atamshika mgongo? Utani wa makabila ulisaidia mengi, na vyama vya kuzikana vikasaidia yaliyobaki. Mpira ukaongeza lake: Yanga ilianzishwa 1935, na Sunderland, ambayo tangu 1971 tunaiita Simba, mwaka uliofuata. Tangu hapo mtu wa Kariakoo akaweza kumchukia jirani yake bila kuuliza kabila lake. (Wana Simba wataniwia radhi kwa kuwataja wa pili. Ni utaratibu wa miaka tu.)

Lakini kiwanja hakikuwa chake. Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Babu aliacha mkebe wa biskuti uliojaa stakabadhi za kodi ya kiwanja. Mimi kazi yangu ya ofisini imenifundisha kusoma karatasi za namna hiyo, na nilipozisoma nilielewa alichokuwa akikilipia. Hakuwa akilipia umiliki. Alikuwa akilipia ruhusa ya muda ya kukaa juu ya ardhi ya serikali, ruhusa ambayo ilipaswa kuombwa tena na tena. Alilala miaka zaidi ya kumi katika nyumba aliyoijenga kwa mkono wake, na kwa mujibu wa karatasi alikuwa mgeni.

Haikuwa bahati mbaya. Gavana Cameron alipoleta sheria ya mamlaka za wenyeji mwaka 1926, msingi wake ulikuwa kwamba kila Mwafrika ana kabila, kila kabila lina mkuu wake, na huko ndiko kwao. Mjini amekuja kutafuta fedha, atarudi. Asiye na kazi ni mhuni, arudishwe, na katika miaka ya 1940 sheria ikatungwa ya kuwaondoa mijini Waafrika wasiotakiwa. "Kwenu wapi?" halikuwa swali la salamu. Lilikuwa swali la polisi. Aliyelijibu kwa jina la wilaya alirudishwa wilayani. Aliyejibu "hapa hapa" alihitaji jina la kumpa haki ya kusema hivyo, na jina hilo lilikuwa bado halijatengenezwa.

Lilitengenezwa polepole, na unaweza kulifuatilia kwa majina ya chama. Mwaka 1929 waliasisi hapa mjini Chama cha Waafrika, African Association. Rais wake alikuwa mwalimu Cecil Matola, katibu wake Kleist Sykes, karani wa reli. Tazama huyu Kleist. Baba yake, Sykes Mbuwane, alitoka Msumbiji na kikosi cha Wissmann. Yeye mwenyewe alizaliwa Pangani mwaka 1894, akapewa jina la Kijerumani, akapigana upande wa Wajerumani, halafu akawatumikia Waingereza. Ungemuuliza huyu kwao wapi, angekujibu nini? Hakuwa na chifu wa kurudishwa kwake. Basi wakajiita Waafrika, neno pana kiasi kwamba hata Zanzibar waliingia. Mwaka 1948 chama kikawa Tanganyika African Association. Tarehe 7 Julai 1954, katika jengo lile lile la chama ambalo wanachama walilijenga kwa kujitolea New Street, leo Mtaa wa Lumumba, neno National likaingia na TANU ikazaliwa. Waafrika, kisha Waafrika wa Tanganyika, kisha taifa. Ilichukua miaka 25 na mwendo wa dakika chache kutoka sokoni.

Wapo waliosukuma gurudumu hilo ambao vitabu vyetu vya darasani viliwapita haraka. Erika Fiah, Mganda mwenye duka, alianzisha gazeti lake Kwetu mwaka 1937. Jina lenyewe la gazeti ni jibu kwa swali la polisi, na aliyelijibu alikuwa mtu wa Uganda! Makuli wa bandari waligoma 1939, wakagoma 1943, na mwaka 1947 mgomo wao ukapanda reli mpaka bara. Babu alikuwamo katika huo wa mwisho, ingawa alipenda zaidi kusimulia jinsi mke wake alivyomfungia nje usiku wa kwanza. Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa ngoma, aliwaingiza wanawake wa mitaa hii katika TANU kwa njia ambazo makarani hawakuzijua.

Juu ya makarani nina neno kama mtumishi wa serikali. Mwaka 1953 serikali ya kikoloni ilitoa waraka wa kuwakataza watumishi wake wasiwe wanachama wa vyama vya siasa. Hadi hapo TAA ilikuwa mikononi mwa makarani kwa kiasi kikubwa. Waraka ule ulidhaniwa ungekata kichwa cha chama. Walioshika nafasi ni wafanyabiashara, masheikh, wazee wa mjini, watu wa soko ambao hawakuwa na mshahara wa serikali wa kupoteza, pamoja na mwalimu mmoja wa Pugu, shule ya misheni, ambaye mwaka 1955 aliacha ualimu. Sisi wa maofisini twapenda kujihesabu kuwa mhimili wa taifa. Siku ile ya kuamua wengi wetu tulikuwa tumesoma waraka.

Nisije nikafanya hadithi hii tamu kupita kiasi. Jina lililotengenezwa uani halikuwaenea wote. Mzaramo, ambaye ardhi yote hii ilikuwa yake, aligeuzwa kuwa mmoja tu kati ya wapangaji, tena aliyedharauliwa na wageni kwa kukosa shule. Mhindi wa ng'ambo ya Mnazi Mmoja alibaki nje ya neno "Mwafrika" hata kama babu yake alizikwa hapa. Mwezi Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, muswada wa uraia ulipofika bungeni walisimama wabunge wakitaka uraia ufuate rangi. Mwalimu Nyerere aliwaambia wazi kwamba wakishinda yeye na serikali yake watajiuzulu. Muswada ukapita bila kufuata rangi, na mwanzoni mwa 1963 TANU yenyewe ikafungua mlango kwa wote. Hata hivyo swali halikuisha. Majumba yalipotaifishwa mwaka 1971, kila nyumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, Wahindi wengi walilisikia tena masikioni na wakapanga mizigo.

Nasi pia tulilisikia. Mwaka 1983 ilikuja Nguvukazi. Watu wasio na vitambulisho vya kazi walikamatwa mitaani, wengine Kariakoo hapo hapo, wakapakiwa ili wapelekwe "kwao". Baba alikuwa kijana mwenye mke na mtoto mchanga, yaani mimi, na kazi yake ilikuwa kuuza mitumba, ambayo haikuhesabiwa kuwa kazi. Alilala stoo ya jamaa yake siku tisa. Babu, aliyekwisha kuwa mzee mwenye kadi ya TANU ya 1955 na ya CCM juu yake, alikaa kwenye baraza mchana kutwa akiwa na mkebe wa biskuti mapajani, tayari kuwaonyesha stakabadhi zake. Hakuna aliyemfikia. Bibi alisema kwamba aliudhika kwa kutofikiwa kuliko ambavyo angeudhika kwa kukamatwa.

Alipofariki mwaka 2004, simu ilipigwa kutoka Ujiji: mwili uletwe nyumbani. Baraza likakaa uani, wapangaji wa zamani nao wakiwapo, hata mtoto wa yule Mngoni. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia baba akipaza sauti mbele ya wakubwa zake. Akasema, "Nyumbani ni hapa. Azikwe Kisutu." Shangazi mmoja aliyetoka Ujiji hakusema naye tena mpaka alipokufa.

Nyumba tuliiuza baada ya miaka saba. Warithi walikuwa wengi na kiwanja kilikuwa kimoja, na leo limesimama ghorofa la maduka ya vitenge na simu, kama karibu kila mahali Kariakoo. Hata soko la zamani Wajerumani waliloanzisha halipo. Mahali pake ni jengo la mchoraji wetu Beda Amuli, lililofunguliwa Desemba 1975, lile lililoungua Julai 2021. Baba anaishi nasi Kimara. Kila Ijumaa hupanda gari kwenda kuswali mjini, na baada ya sala hukaa saa nzima kwenye ngazi za duka linalotazamana na kiwanja chetu, pamoja na wazee wawili waliowahi kupanga kwetu. Mwezi uliopita mlinzi wa ghorofa, kijana mpya mwenye adabu, alimsogelea akamwuliza, "Shikamoo mzee. Unatokea wapi?" Baba akamwonyesha ng'ambo ya barabara, mlango wa pili kutoka kona, pale penye mashine ya kutolea fedha.